Mkalimani wa Filamu za Kiromania

Habari ya kifo chake niliipata Jumanne asubuhi, nimesimama kwenye foleni ya samaki soko la Woolwich, hapa London. Simu ikalia, nikaona ni mwenyekiti wa jumuiya yetu. "Mzee wako wa filamu katutoka," akanambia, na kabla sijamaliza kusema innalillahi akaongeza kwamba kama nitaandika, na anajua nitaandika, basi niandike juu ya ibada yake na bidii yake ya kazi, yale mengine niyaache. Nikamuuliza yale mengine yepi. "Unayajua, bwana. Mtu keshakufa." Nikakata simu, nikanunua kipande changu cha nguru, nikapanda basi na hasira zangu. Wasomaji wa safu hii mnanijua. Mtu akinambia jambo fulani liachwe, ndipo vidole vinaponiwasha. Kwa hiyo leo nitaandika yale mengine tu, kwa sababu bila ya hayo marehemu anabakia kuwa mzee mmoja aliyebeba mizigo ghalani Hayes na kusali sala zake tano, na wazee wa namna hiyo tunao wengi, Mungu awarehemu wote. Huyu alifanya jambo ambalo sijamwona mtu wa kwetu mwengine akilifanya, na mwenyekiti anataka lizikwe naye. Jina lake silitaji, kama ilivyo desturi yangu hapa. Waliomjua watamjua.

Alikuwa mmoja wa vijana wa visiwani waliopelekwa kusoma Ulaya ya Mashariki baada ya Mapinduzi. Wenzake wengi waliangukia Ujerumani, yeye na wachache wakaangukia Romania, naye akatiwa kwenye chuo cha umeme mjini Bucharest. Umeme aliusoma wa kutosha kufaulu mitihani, lakini akili yake yote aliipeleka sinema, ambako kulikuwa na joto wakati wa baridi na hakuna aliyemuuliza karatasi zake. Kiromania akakijua mpaka akawa anaota kwa Kiromania. Masomo yalipokwisha akaogopa kurudi nyumbani, akahangaika huku na huku, na miaka ya themanini akatua hapa London kama sisi wengine. Akapata kazi ya shifti Hayes, kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Pale ghalani, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alifika Mromania mmoja, nchi yao imeshampindua mtawala wao na mipaka imefunguka. Huyo ndiye aliyeanza kumpa kanda za video za filamu mpya za kwao. Mzee wetu akaja kwa jumuiya kuomba ukumbi mdogo ulio juu ya duka la vitambaa pale Woolwich, Jumapili ya mwisho ya kila mwezi baada ya sala ya alasiri. Akapewa, maana hakuna aliyejua anataka kutuonyesha nini.

Kanda zile hazikuwa na maandishi ya Kiingereza chini. Basi alisimama mwenyewe pembeni mwa televisheni, mikono nyuma, koti halivui, akatufasiria kila neno kwa Kiswahili. Mwanamume akisema, yeye, mwanamke akisema, yeye, mtoto akilia, "mtoto analia." Sauti moja tu, haipandi wala haishuki, kama mtu anayesoma orodha ya mizigo. Na alikuwa na jambo moja la ajabu, kwamba alifasiri hata kimya. Mtu akikaa mezani hasemi, tunamsikia mzee: "Hapa hasemi kitu. Anafikiri." Kina mama wakamchokoza: "Anafikiri nini, kaka?" Naye akajibu bila kucheka, "Hajui mwenyewe." Watu wakavunjika mbavu.

Siku ya kwanza ukumbi ulijaa, kwa sababu watu walidhani filamu ni kama zile za Kihindi walizozizoea. Kumbe wee! Mtu akakaa kwenye kiti, akachukua kisu, akamenya viazi. Akaendelea kumenya. Dakika ya tatu bibi mmoja akauliza, "Huyu ana wageni wangapi?" Dakika ya tano watu wakaanza kutafuta viatu vyao. Mwisho wa filamu tulibakia kumi na tano, na mimi, nasema kweli, nilibakia kwa sababu ya kahawa na kashata. Nilimfuata nikamwambia, "Bwana, mbona unatutesa? Watu wametoka kazini wiki nzima, unawaletea viazi?" Akanitazama kwa yale macho yake ya usingizi, akasema, "Ulimwona alivyoshika kile kisu baada ya mlango kugongwa?" Nikasema nilimwona. "Basi hukutoka mtupu." Mwezi uliofuata nikarudi, na uliofuata, na kwa miaka kumi na kitu sikukosa hata Jumapili tano.

Niseme nilichokiona mle, maana wapo watakaodhani ni upuuzi wa wazee. Filamu zote za mapinduzi nilizowahi kuonyeshwa maishani zilikuwa na bendera, magari ya jeshi, na mtu juu ya jukwaa amekunja ngumi. Hawa Waromania walikuwa wamefanya mapinduzi ya kweli, damu imemwagika barabarani, na walipopata uhuru wa kutengeneza filamu wakaiacha barabara wakaingia jikoni. Waliuliza habari za siku ya pili. Nani alipika supu siku ya pili? Jirani aliyekuwa akimripoti jirani, siku ya pili alipokutana naye kwenye ngazi alimwambia nini? Na wahusika wao walikuwa hawana uhakika. Mtu anaulizwa ulikuwa wapi siku ile, anajibu, halafu unamwona usoni kwamba ameanza kujiuliza kama kweli alikuwa huko. Jamani, sisi tulikuwa watu gani wa kukaa kutazama hayo! Sisi ambao kila mmoja ana hadithi yake ya Mapinduzi imepikwa, imepakuliwa, imeshapoa. Wapo wanaosema ilikuwa ukombozi na wapo wanaosema ilikuwa mauaji, nao husalimiana kwa heshima harusini na kukaa meza mbali mbali. Nenda pande zote mbili utafute mtu aliyefanya kosa. Humpati. Wote walidhulumiwa, sijui aliyedhulumu alikuwa jini gani. Ndani ya ukumbi ule, mara moja kwa mwezi, nilisikia watu wazima wakisema neno "sijui", na lilinipunguzia mzigo kifuani.

Miongoni mwa wale kumi na tano alikuwapo bibi mmoja wa Kipemba, mwuguzi wa wazee, mwenye ulimi mkali na vitumbua vitamu kuliko vyote nilivyovila katika mji huu. Alikaa kiti cha mbele kila mwezi. Kaka yake alikuwa mmoja wa wale waliopelekwa Bucharest. Alikaa chumba kimoja na mzee wetu. Mwaka wa pili yule kaka aliitwa nyumbani likizo, akakamatwa siku aliyofika, akakaa kifungoni miaka, na alipotolewa hakumtambua mama yake. Hakuishi sana baada ya hapo. Kwa hiyo bibi yule alimpenda mzee wetu kwa mapenzi ya marehemu kaka yake. Alimwita "kaka", akimwekea vitumbua pembeni, akimuuliza mambo madogo madogo: alipenda kula nini kule, alikuwa akikoroma? Naye mzee alimjibu yote, macho chini. Sasa nyinyi wasomaji nitakwambieni jambo ambalo wakati ule hakuna aliyelijua isipokuwa yeye. Kule Bucharest kulikuwa na bwana mmoja wa serikali ya nyumbani aliyekuwa akija kila mwezi kuwaangalia wanafunzi wa kwetu, na kila mwezi mzee wetu alimwandikia karatasi ya nani amesema nini. Aliyemwandika yule kaka ni yeye. Na alikuwa amekula vitumbua vya dada mtu miaka mitatu, minne, mitano, akitafuta namna ya kumwambia.

Siku moja akaleta filamu ya mwanamke wa posta. Mji mdogo, barafu, mwanamke wa makamo anauza stempu. Zamani za yule mtawala wao alikuwa akifungua barua za watu kwa amri ya wakubwa, na barua moja, ya kijana wa jirani yake aliyepotea, hakuipeleka kwa wakubwa wala kwa jirani mwenyewe. Aliificha ndani ya mto wa kulalia. Mapinduzi yamepita, jirani bado anamsubiri mwanawe, na huyu kila usiku analalia ile barua. Saa moja na nusu tunamtazama anapanda ngazi mpaka mlangoni kwa jirani, anashuka; anapanda, anashuka. "Hapa hasemi kitu," anasema mzee. Hatimaye akagonga, akaingia, wakakaa jikoni wawili wale wanawake, na yule wa posta akaanza kuzungumza. Na mzee wetu, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, sauti ikamtetemeka. "Barua ya mwanao ninayo mimi," akafasiri. "Niliifungua. Niliogopa. Si kwamba sikujua nilichokuwa nikifanya, nilijua. Umekuwa ukinipa chakula, na mimi nakula huku nimekukalia juu ya roho yako. Nisamehe ukiweza, na usipoweza unijue tu ni mimi." Nikafuta machozi kwa kiganja. Kina mama walilia waziwazi. Na yule bibi wa Kipemba akajifuta na ncha ya mtandio, akasema kwa sauti ukumbi mzima usikie, "Haya, mwenzao kasema. Wetu watasema lini?" Mzee akazima televisheni, akaanza kuzungusha nyaya mkononi.

Miaka ikapita. Wakubwa wa sinema duniani wakawagundua Waromania, magazeti ya hapa yakaanza kuwasifu, na filamu tulizokuwa tukizitazama juu ya duka la vitambaa zikaanza kuonyeshwa katikati ya mji kwa tiketi za ghali. Siku moja nikaona tangazo la ile ya mwanamke wa posta. Nikaenda mchana, peke yangu, nimevaa vizuri kama mtu anayekwenda kumtembelea jamaa. Safari hii chini kuna maandishi ya Kiingereza. Yote yakaenda nilivyoyakumbuka mpaka jikoni. Wakakaa. Yule wa posta akafungua mdomo, na maandishi yakasema, "Bomba lako bado linavuja?" Jirani akajibu linavuja tangu Jumatatu. Wakazungumza habari za bomba. Wakazungumza fundi gani ni mwaminifu, na bei ya makaa imepanda. Kisha yule wa posta akainuka, akashuka ngazi, akafunga mlango wake, na taa za ukumbi zikawaka. Nilikaa pale kitini mpaka mfagiaji akaja. Nilikuwa nimelia, mimi na wenzangu kumi na nne, kwa maneno ambayo hayamo kwenye filamu.

Sikungoja. Jioni ile ile nikachukua treni mpaka Hayes, nikamkuta anakunja nguo zake, chumba kimoja safi, dirisha linatazama barabara ya malori. Nikamwambia, "Wewe mzee ni mwongo." Akauliza nimetoka wapi. Nikamwambia. Akaketi kitandani, shati bado liko mkononi, na hakujaribu hata kidogo kujitetea. Ndipo aliponihadithia ya Bucharest, yote, kuanzia karatasi ya kwanza. Nikamuuliza, "Na ile siku, kwa nini?" Akasema, "Nilikuwa nimejiandaa kufasiri bomba. Wallahi nilijiandaa. Lakini nilipomwona yule dada amekaa pale, na yule mwanamke anafungua mdomo, nikaona sitapata nafasi nyengine. Nikasema nikilitamka kwa Kiswahili, mbele yake, akalisikia kwa masikio yake, basi litakuwa limesemwa." Nikamwambia, "Halikusemwa! Amesema mwanamke wa posta. Wewe ulijificha nyuma ya televisheni." Nilikuwa mkali, nakiri. Nilimsimamia kichwani kama mwalimu, namfundisha mtu mzima ujasiri, mimi nikijiona niko upande wa haki na nguo zangu nzuri. Akalikunja lile shati taratibu, akaliweka pembeni. Mwisho akasema, "Niombee ukumbi. Tutaionyesha tena."

Mwenyekiti alipata fununu ya kinachokuja, sijui kwa nani, na akakataa. Alikuwa na sababu zake na alizisema kwa upole: jumuiya ina watu wa pande zote, watoto wetu waliozaliwa hapa hawajui lolote na ni kheri wasijue, mambo ya kale yatatugawanya na sisi ni wachache. Nikamwambia tumeshagawanyika zamani, mwenzangu, tunachofanya sasa ni kugawanyika kwa adabu. Akacheka, lakini akaifungia televisheni kabatini na ufunguo akatia mfukoni. Basi Jumapili ile watu wa Woolwich waliona kituko. Yule bibi wa Kipemba, asiyejua lolote, kasikia tu kwamba mwenyekiti anazuia filamu yake aipendayo, akasema hazuiliwi mtu mzima kutazama filamu. Akaitoa televisheni nyumbani kwake, akaipakia kwenye kigari cha mjukuu wake, akaifunga kanga mbili, akaisukuma katikati ya soko, anapiga kelele watu wampishe. Mimi nilishika upande mmoja isianguke. Mwenye duka la vitambaa, ambaye ndiye mwenye jengo, akatufungulia mwenyewe. Mzee wetu alikuwa ameshafika, amesimama mahali pake, na alipoona ni nani aliyeleta ile televisheni uso ulimbadilika rangi.

Akafasiri. Sijapata kumsikia akifasiri vizuri kama siku ile, neno kwa neno, hata kikohozi hakukiruka. Tukafika jikoni. "Bomba lako bado linavuja?" akasema. "Linavuja tangu Jumatatu." Makaa yamepanda bei. Fundi fulani ni mwaminifu. Mwanamke akashuka ngazi, akafunga mlango, mzee akasema, "Imekwisha."

"Ngoja, ngoja," akasema yule bibi. "Mbona leo hakusema?"

"Hakusema, dada."

"Mara ile alisema! Nilikuwapo, kiti hiki hiki. Kasema barua ninayo mimi, nisamehe."

"Mara ile niliongopa. Yeye hakuwahi kusema. Niliyesema nilikuwa mimi."

"Wewe una barua ya nani?"

Akatoka pembeni mwa televisheni, akaja mbele yake, mikono ile ya nyuma safari hii iko wazi mbele. "Kaka yako," akasema. "Aliyemwandika ni mimi. Tulikuwa chumba kimoja, na mimi nikampeleka kwa karatasi." Bibi akamuuliza, taratibu kabisa, aliandika nini. Akamwambia, maana alikuwa akikumbuka kila neno: jioni moja wakiosha sufuria, kaka yake alisema kwamba wakubwa wa nyumbani wanakula peke yao na wananchi wanatazama. Bibi akauliza, "Hayo tu?" Akasema, "Hayo tu." Bibi akarudia, kama anayejaribu uzito wake mkononi, "Maneno ya kuoshea sufuria. Kaka yangu kafa kwa maneno ya kuoshea sufuria." Kisha akamwambia, "Usiniombe msamaha." Mzee akasema, "Siombi." "Vyema, kwa sababu sina." Akakusanya mabakuli yake ya vitumbua, akateremka ngazi, televisheni akaiacha pale pale.

Baada ya hapo mzee wetu alionja joto ya jiwe. Watu waliacha kumwalika. Msikitini walimpa mkono kwa ncha za vidole. Wapo waliosema amechafua jina la waliosoma Ulaya, na wapo waliosema, nami niliwasikia kwa masikio yangu, kwamba kosa lake si kuandika, kosa lake ni kusema; angenyamaza miaka michache tu na wote wangekuwa wamekufa. Hapo ndipo ninapopandwa na mori mpaka leo. Hivi tumefikia wapi, sisi tunaojiita watu wa dini na ustaarabu, kwamba mtu akimdhuru mwenzake kwa siri tunamkaribisha biriani, na akitubu hadharani tunamfungia mlango? Mwezi uliofuata alikwenda ukumbini kama kawaida, na kanda yake, akitegemea viti vitupu. Mtu mmoja alikuwa ameshakaa, kiti cha mbele, bila ya vitumbua. Watu walimwuliza yule bibi anafuata nini pale. Akawajibu, "Nakuja kutazama filamu. Na yeye namtazama." Alikwenda miezi yote. Hakumwita tena kaka, alimwita bwana, na baada ya kila filamu alimuuliza swali moja tu juu ya kaka yake, naye alijibu sasa akimtazama usoni. Mimi nilikuwa nikikaa nyuma yao, natazama filamu mbili kwa wakati mmoja.

Alhamisi, siku mbili baada ya ile simu, tukamsalia. Msikiti ulijaa, kwa sababu watu wetu wanajua kumheshimu maiti hata kama walimkimbia akiwa hai. Kabla ya sala, imamu akageuka kwetu akauliza kama desturi, "Mnamshuhudia vipi ndugu yetu huyu?" Na kama desturi, hata swali halijafika chini, wanaume wote tukajibu, "Mtu mwema!" Akauliza mara ya pili, tukajibu. Alipokuwa anafungua mdomo kwa mara ya tatu, ikasikika sauti nyuma ya pazia, upande wa wanawake. Wengine walijaribu kumnyamazisha, tuliwasikia. "Niacheni," akasema. "Mimi ndiye mwenye ushahidi, nyinyi mnakisia." Imamu, Mungu amlipe, akanyamaza. Akaendelea: "Mtu huyu alimuuza kaka yangu. Kisha akaja mbele yangu mchana kweupe, akanambia kwa mdomo wake, hakuna aliyemlazimisha. Sikumsamehe kwa sababu sikuweza. Usiku wa jana nimeweza. Mungu shahidi, nimemsamehe, huyo ni mtu mwema. Sasa nyinyi mlio mbele hapo, mnaosema mtu mwema mtu mwema. Nani kati yenu ana lake? Atakuja kunambia mimi au mwenye haki yake lini? Au mnangoja mlale hapo, tukusemeeni?" Safu nzima ya wanaume wa miaka sitini na sabini tunatazama zulia. Mwenyekiti alikuwa ubavuni mwangu, na alitazama zulia kama mimi. Kisha imamu akasema Allahu Akbar, nadhani ili kutuokoa.

Bibi alikosea kidogo pale aliposema hakuna aliyemlazimisha mzee. Nilimlazimisha mimi. Nilikwenda mpaka Hayes kumwambia kwamba anajificha nyuma ya televisheni, na mimi mwenyewe ni miaka ishirini najificha nyuma ya safu hii. Nimekuandikieni mara nyingi kwamba nilikimbia nyumbani, na kweli nilikimbia, miaka saba baada ya Mapinduzi. Sikuwahi kuandika ya wiki ile ya mwanzo. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mtaani kwetu Ng'ambo alikuwapo mwenye duka mmoja, Mwarabu wa watu, aliyezoea kunipa penseli nikipita kwenda skuli. Siku ya tatu alikuwa amejificha kwenye ghala la nazi la jirani yetu, na mimi nilimwona akiingia. Wakaja watu na silaha, wakauliza yuko wapi. Waliniuliza mimi. Wakaenda moja kwa moja hadi ghalani, wakamtoa, na sikumwona tena. Tangu siku ile nimejiambia kwamba walikuwa wanajua tayari, kwamba sikusema neno, kwamba nadhani macho yangu tu yalikwenda upande ule. Filamu zile za Kiromania nilizipenda kwa sababu zilinipa ruhusa ya kusema sijui, na "sijui" hiyo nimejifunika nayo miaka yote, ina joto zuri. Marehemu ndiye aliyenivua. Alinionyesha kwamba mtu akikaa na shaka yake bila kuikimbia, akaitazama kama tulivyotazama vile viazi, inafika siku anajua. Na akishajua, hana budi aseme "mimi", kwa mdomo wake, kwa mwenye haki yake, hata kama hatasamehewa, na hata kama wenyeviti wa dunia nzima wametia funguo mifukoni. Hilo ndilo fundisho nililolichukua kwake, na nalilipia leo hapa hapa. Watoto wa mwenye duka yule, kama mko hai, Maskati au London au popote, na kama bado mnasoma Kiswahili: macho yangu hayakwenda tu upande ule. Nilinyoosha mkono.